Kuzoea miwani ya vipimo vipya

Kuzoea miwani ya vipimo vipya ni kipindi ambacho macho, ubongo na sikio la ndani hupatana upya baada ya nguvu ya lenzi kubadilishwa. Kwa wengi huchukua siku chache, na kwa kawaida hakivuki wiki mbili. Jinja na Mbale, majiji ya mashariki mwa Uganda tangu Julai 2020, huduma ya macho hupatikana katika hospitali za rufaa za mikoa na katika maduka ya miwani. Jinja kuna pia chuo kinachofundisha matabibu wa macho.

Sababu zake

Lenzi hainoi picha tu, hubadili na ukubwa wake. Kila diopta moja, kipimo cha nguvu ya lenzi, huukuza au kuupunguza kwa asilimia 1 hadi 2 hivi: lenzi za kujumlisha hukuza, za kutoa hupunguza. Mtu akigeuza kichwa, sikio la ndani huuarifu ubongo na macho huzunguka kinyume ili anachokitazama kitulie, na ubongo umeshakariri kiasi cha mzunguko huo kwa miwani ya zamani. Ndiyo maana siku za kwanza vitu huonekana kama vinaogelea, kichwa huuma, na wengine husikia kichefuchefu.

Mwenye astigimatizimu hupata zaidi. Silinda, yaani nguvu ya lenzi inayoirekebisha, ikiongezwa, au mhimili wake ukizungushwa nyuzi chache, mistari iliyonyooka hupinda: mnara wa saa wa Mbale utaonekana umeinama, na sakafu tambarare itaonekana inateremka. Ubongo hulimudu hilo na hata makubwa kuliko hilo. Mwishoni mwa karne ya 19 mwanasaikolojia Mmarekani George Stratton alivaa lenzi zilizopindua kila kitu juu chini, na baada ya siku kadhaa akawa anatembea na kushika vitu bila taabu kubwa. Ila hakuwa akizivua kila zilipomkera. Anayevaa miwani mipya asubuhi na kurudia ya zamani mchana huufundisha ubongo mambo mawili kwa wakati mmoja.

Ngazi na boda-boda

Lenzi za sehemu mbili, juu ya kuonea mbali na chini ya kusomea, huwasumbua hasa waliovuka miaka 40. Masoko makuu ya Jinja na Mbale yamejengwa upya kwa ghorofa, na hatari iko kwenye kushuka. Mama aliyebeba kikapu akishusha macho bila kushusha kichwa huitazama ngazi kupitia sehemu ya kusomea, akaiona kubwa, yenye ukungu, na si pale ilipo. Dawa yake ni kuinamisha kidevu na kushika ukuta. Mwendesha boda-boda naye aanze kuizoea miwani nyumbani, si usiku kwenye barabara ya Tirinyi.

Kuzoea au kosa?

“Utazoea” ni neno jepesi mno dukani. Kabla ya kulitamka, muuzaji angepaswa kuirudisha miwani kwenye kipima-lenzi na kuilinganisha na karatasi ya vipimo, kazi ya dakika chache. Kosa moja lisilozoeleka kirahisi ni kitovu cha lenzi kutokaa mbele ya mboni. Lenzi ya diopta 4 iliyokosewa kwa milimita 5 husogeza picha sentimita 2 kwa kila mita ya umbali, na misuli ya macho hushinda ikivutana kuziunganisha picha mbili. Fremu iliyolegea na kuteleza puani huleta kero ya namna hiyo, nayo hutengenezwa papo hapo.

Kuona kitu kimoja kama viwili ghafla, miale ya mwanga, au kivuli kama pazia ni jambo jingine kabisa: hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Si kila ukungu huisha kwa kuzoea. Miwani ya kusomea inayouzwa tayari vibarazani ina nguvu sawa pande zote mbili na haina silinda. Humfaa ambaye macho yake yanalingana. Asiyelingana anaweza kuivaa mwaka mzima na jicho moja likabaki na ukungu ule ule.