Kanisa la Kale la Petäjävesi: Historia Fupi

Katika bara la Ufini, kwenye maziwa mengi na misitu mikubwa ya misonobari, limesimama juu ya rasi ndogo kanisa la Kilutheri la Petäjävesi, ambalo wakulima wa nchi ile walilijenga kwa magogo kati ya mwaka 1763 na 1765, zama ambazo Ufini ilikuwa ingali katika himaya ya mfalme wa Uswidi. Mahali hapo palichaguliwa kwa hekima, kwani washarika waliishi mbali mbali na njia za nchi kavu zilikuwa haba. Basi majira ya joto walihudhuria ibada kwa mashua, na maji yalipoganda wakapita juu ya barafu.

Aliyeisimamia kazi ile ni Jaakko Leppänen, seremala wa shamba, ambaye hata hivyo aliujua vema mtindo wa makanisa ya mawe ya miji mikubwa. Alilipima kanisa kwa umbo la msalaba wenye mikono minne iliyo sawa, akaliezeka kwa vigae vya mbao paa refu lenye mteremko mkali, kama yalivyokuwa makanisa ya karne zilizotangulia. Na ndani akayapandisha matao ya mbao hata yakakutana katika kuba yenye pembe nane, jambo ambalo waashi wa mijini hulifanya kwa mawe na chokaa. Kuta hazikutiwa rangi, na matao yamepambwa kwa nakshi chache za udongo mwekundu tu. Nami nathubutu kusema kwamba hapana dhahabu ambayo ingeliupita uzuri wa mbao zile zilizokoza rangi kwa umri. Mimbari yake imebebwa na sanamu ya Mtakatifu Kristofa, ambaye masimulizi ya Wakristo yasema alimvusha Mtoto Yesu mtoni, na ni nani aliyestahili zaidi kuwekwa mbele ya watu waliofika ibadani kwa kuvuka maji?

Mwaka 1821, Ufini ilipokuwa imekwisha kuingia chini ya Kaizari wa Urusi, mjukuu wa seremala yule, Erkki Leppänen, aliongeza mnara wa kengele upande wa magharibi.

Kisha mwaka 1879 usharika ukajenga kanisa jipya, na lile la kale likaachwa. Kuachwa huko ndiko kulikolihifadhi, kwa kuwa hapana aliyelitia majiko, wala aliyelibomoa ili kulipanua, kama yalivyofanyiwa makanisa mengi ya rika lake. Katika miaka ya 1920 mwanachuoni wa sanaa kutoka Austria, Josef Strzygowski, aliitangaza thamani yake, likaanza kutengenezwa; na mwaka 1994 UNESCO ikaliandika katika orodha ya urithi wa dunia. Mpaka leo halina moto wa kulipasha, kwa hiyo ibada na arusi hufanywa humo majira ya joto.