Angelina Weld Grimké

Angelina Weld Grimké (27 Februari 1880 – 10 Juni 1958) alikuwa mshairi, mwalimu na mwandishi wa tamthilia Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Boston. Baba yake, Archibald Grimké, alikuwa mwanasheria na mtetezi mashuhuri wa haki za watu weusi. Angelina alifundisha Kiingereza mjini Washington, na tamthilia yake Rachel, inayopinga mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi ya wazungu, ilichezwa huko mwaka 1916.

Ustadi wake mkubwa, hata hivyo, umo katika mashairi mafupi. Kwa mistari michache tu huchora machweo, mti mweusi ukiinuka mbele ya anga ya dhahabu, au mikono ya mpendwa aliyekwenda zake, kisha hunyamaza na kumwachia msomaji uchungu wote. Akiwa na umri wa miaka 16 alimwandikia rafiki yake wa kike barua akitamani rafiki huyo siku moja awe mke wake. Mapenzi hayo kwa wanawake aliyaficha maisha yake yote, na mashairi mengi yaliyoyataja waziwazi hayakuchapishwa.

Mshairi Countee Cullen alimjumuisha katika diwani ya Caroling Dusk (1927). Baada ya baba yake kufariki mwaka 1930, Angelina alihamia New York na karibu aache kabisa kuchapisha. Alikufa amesahauliwa, jambo ambalo hakustahili hata kidogo. Mtafiti Gloria T. Hull ndiye aliyeyafufua mashairi yake. Miswada yenyewe imehifadhiwa Chuo Kikuu cha Howard.