Serikali Iliyobaki na Redio

Mei 13, 1940, Malkia Wilhelmina wa Uholanzi alipanda manowari ya Waingereza, Hereward, katika bandari ya Hoek van Holland. Alitaka kupelekwa Zeeland, ambako askari wake walikuwa bado wanapigana. Ndege za Wajerumani hazikuruhusu safari hiyo, akajikuta Harwich, ng'ambo ya bahari. Kesho yake Rotterdam ikateketezwa kwa mabomu, na Mei 15 jeshi likasalimu amri.

Mawaziri nao walivukia London. Dirk Jan de Geer, Waziri Mkuu, alikwishakata tamaa. Aliona heri kupatana na Hitler. Malkia hakutaka hata kulisikia jambo hilo. Septemba mwaka huo De Geer aliondolewa, nafasi yake ikashikwa na Pieter Sjoerds Gerbrandy, mtu mfupi mwenye masharubu mazito na msimamo usioyumba.

Serikali hiyo ilikuwa na meli nyingi za biashara zilizowabebea Washirika mizigo ya vita. Nchini kwake, hata hivyo, ilibaki na sauti tu. Kuanzia Julai 28, 1940, Radio Oranje ilitangaza kwa dakika 15 kupitia mitambo ya BBC. Mwaka 1943 Wajerumani waliamuru redio zote zisalimishwe. Watu wakazificha na kusikiliza kwa siri.

Sauti hiyo ilitiiwa. Machi 28, 1944, Waziri wa Elimu Gerrit Bolkestein aliwaomba wananchi watunze shajara na barua zao, ili vizazi vijavyo vijue walivyoishi. Katika maficho ya Amsterdam, binti wa Kiyahudi wa miaka 14, Anne Frank, alikuwa miongoni mwa waliomsikia. Muda si mrefu akaanza kuiandika upya shajara yake, akitumaini itakuwa kitabu.

Septemba 17, 1944, serikali iliwataka wafanyakazi wa reli wagome ili kuwasaidia Washirika waliokuwa wakishuka kwa miavuli Arnhem. Maelfu waliacha kazi na kujificha. Wajerumani walilipiza kwa kuzuia chakula kwenda miji ya magharibi, na majira ya baridi yaliyofuata njaa iliua watu wapatao 20,000.

Lakini reli hizo hizo, tangu Julai 1942, zilikuwa zimesafirisha zaidi ya Wayahudi 100,000 kuelekea kwenye kambi za mauaji, na London haikuwahi kuwaambia wafanyakazi wagome kwa ajili yao. Anne Frank alipakiwa kwenye treni kambini Westerbork Septemba 3, 1944. Treni ya mwisho iliondoka hapo Septemba 13, siku nne tu kabla ya wito wa mgomo. Malkia mwenyewe, katika hotuba zake nyingi za redio, aliwataja Wayahudi mara chache mno. Mtu hawezi kuisifu sauti hiyo kwa ujasiri wake bila kuilaumu kwa ukimya huo.

Waziri Mkuu wa kwanza kuomba radhi kwa niaba ya serikali, kwa jinsi serikali ya wakati wa vita ilivyowatendea Wayahudi, alikuwa Mark Rutte, Januari 2020.