Mishale Miwili, Pande Nne

Ukibonyeza kitufe cha mshale kwenye Excel, kielekezi kinahama seli moja, basi. Nani anawaza zaidi ya hapo? Lakini kitendo hicho kidogo kina historia, na swali lake ni moja: mkono wa anayeingiza hesabu ukae wapi?

Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara pale Harvard. Aliwaza lahajedwali la kielektroniki: ukibadilisha namba moja, nyingine zinazoitegemea zijirekebishe zenyewe. Jaribio lake la mwanzo kwenye kompyuta ya Apple II lilisogeza kielekezi kwa kidude cha kuchezea gemu. Kikawa kizito, hakilengi vizuri. Akahamia kwenye kibodi, na hapo ndipo kasheshe ilipoanza: Apple II ilikuwa na mishale miwili tu, wa kushoto na wa kulia. Juu na chini, hakuna!

Dawa ikawa kitufe cha nafasi. Ukikigonga, mishale ileile inakuwa ya juu na chini. Ukigonga tena, inarudi ilikotoka. Alama ndogo kwenye kona ya skrini ilikukumbusha mishale inafuata mwelekeo gani. Hivyo ndivyo VisiCalc, programu aliyoiunda pamoja na Bob Frankston, ilivyoingia sokoni mwaka 1979.

IBM PC ya 1981 ilikuja na mishale minne, ila ilikaa kwenye vitufe vilevile vya namba upande wa kulia. Yaani karani achague: avitumie kuandika namba au kutembea. Mwaka 1983 Lotus 1-2-3 ikaongeza mwendo: bonyeza End, kisha mshale, unaruka hadi data inapoishia. Baadaye IBM ikatoa kibodi yenye mishale iliyojitenga, mmoja juu na mitatu chini, mpangilio tulionao hadi leo.

Wakati huohuo, Macintosh ya 1984 haikuwa na mshale hata mmoja kwenye kibodi yake. Ulitakiwa kushika kipanya. Ajabu ni kwamba Excel ilizaliwa hukohuko, mwaka 1985.

Hata hivyo, kibodi haikushindwa. Leo kwenye Excel unasonga kulia kwa Tab, na mwisho wa mstari ukibonyeza Enter unarudi chini ya seli ulipoanzia, kama taipureta inavyorudi kuanza mstari mpya.

Hili si suala la kasi peke yake. Anayenakili matokeo ya mtihani huwa macho yako kwenye karatasi, vidole kwenye vitufe. Kipanya kinamlazimisha ainue macho, na kila anapoyarudisha kuna hatari ya kuangukia mstari usio wake. Mstari mmoja ukirukwa, alama za Asha zinakuwa za Juma, na jedwali lenyewe linabaki safi kabisa, halina hata doa la kumshtua mtu.