Dawa Rahisi na Dawa Ghali

Waswahili husema rahisi ni ghali. Leo ninayo historia ya chumba cha upasuaji inayoupinga usemi huo.

Tarehe 6 Mei, 1953, mjini Philadelphia, Marekani, Dk. John Gibbon aliziba tundu katika moyo wa msichana wa miaka 18, huku damu ya mgonjwa huyo ikizungushwa na mashine. Msichana alipona, na mlango wa upasuaji mkubwa wa moyo ukafunguka.

Lakini damu ikipita katika mipira ya mashine huganda. Kwa hiyo mgonjwa hupewa heparini ili isigande, na kazi ikiisha hupewa protamini ya kuizima heparini. Hata hivyo, damu iliyozungushwa hivyo huwa imepungukiwa nguvu ya kuganda, na mwili wenyewe huanza kuyeyusha madonge yanayoziba vidonda. Mgonjwa huendelea kuvuja.

Mwaka 1987 madaktari wa London walitangaza kwamba aprotinini, dawa iliyotokana na mapafu ya ng'ombe, imepunguza sana uvujaji huo. Ilikuwa dawa ya bei kubwa, na sifa zake zilikuwa kubwa vilevile. Marekani iliiidhinisha mwaka 1993.

Wakati huo dawa ya bei ndogo ilikwishakuwapo. Asidi ya traneksamiki ilitokana na kazi ya mume na mke wa Japani, Shosuke na Utako Okamoto, waliyoitangaza mwaka 1962. Mama Okamoto alitaka kuwaokoa wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua. Dawa hiyo nayo huzuia donge lisiyeyuke.

Ikafika zamu ya Canada. Hospitali 19 zilipambanisha aprotinini na dawa mbili rahisi, traneksamiki ikiwa mojawapo, kwa wagonjwa 2,331 wa upasuaji wa moyo wenye hatari kubwa. Aprotinini ilizuia damu vizuri kidogo kuliko wenzake. Lakini katika siku 30, kati ya kila wagonjwa 100 walioipata walifariki 6. Kwa dawa rahisi walifariki 4. Jaribio likasimamishwa, na Novemba 2007 kampuni ya Bayer ikasitisha kuiuza duniani.

Kwa haki, tuseme pia kwamba mwaka 2012 wakaguzi wa dawa wa Ulaya waliona dosari katika jaribio lile, wakaona iruhusiwe tena kwa wagonjwa maalumu. Mjadala huo ni wa wataalamu.

Letu sisi ni hili. Kwa miaka 20 sifa ya dawa ile ilijengwa zaidi kwa kupima damu iliyomwagika, wakati ndugu wa mgonjwa anayesubiri nje ya mlango haulizi habari za chupa. Anauliza kama mtu wake yu hai.

Siku hizi moyo unapasuliwa hata Dar es Salaam na Nairobi. Wanaotununulia dawa kwa fedha za umma wasitishwe na bei wala wasilewe sifa. Waulize swali la yule ndugu mlangoni.