Mto Kagera katika sinema ya Mogambo

Ndugu msikilizaji, juma hili naomba tuzungumzie sinema za zamani, hasa zile ambazo sisi watu wa Kagera tumo ndani yake na wengi wetu hatuna habari. Nimekuwa nikizitazama jioni nyumbani Bisibo, pamoja na shemeji zangu na watoto wao. Mimi si mtaalamu wa sinema, ni mtazamaji wa sebuleni tu. Lakini sebuleni mtu anaweza kusimamisha picha, akairudisha nyuma na kuangalia tena nani amesimama kule pembeni.

Sinema yenyewe inaitwa Mogambo. Ilitengenezwa na kampuni ya MGM ya Marekani chini ya uongozi wa John Ford, ikatoka mwaka 1953. Wachezaji wakuu ni Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, yule aliyekuja kuolewa na mtawala wa Monaco mwaka 1956. Walianza kupiga picha mwishoni mwa 1952, wakati hali ya hatari ilikwisha kutangazwa Kenya kwa ajili ya Mau Mau. Walipiga Kenya, wakapiga Uganda, na wakaja pia Tanganyika, kwenye Mto Kagera. Ni mto huu huu unaoanzia pale Ruvubu na Nyabarongo inapokutana, juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo, wilayani Ngara.

Kisa chake ni hiki: mwindaji wa kizungu anayekamata wanyama na kuwauza anagombewa na wanawake wawili. Basi. Bibi mmoja pale sebuleni aliuliza mabinti wale wameona nini kwa mzee yule, na kweli Gable alikwisha kupita miaka hamsini. Tena kisa hakikuwa kipya. Mwaka 1932 kampuni hiyo hiyo ilitoa sinema ya Red Dust, na Gable huyo huyo alikuwa mwenye shamba la mpira huko Indochina. Baada ya miaka 21 wakayahamisha mapenzi yale yale, wakaondoa shamba la mpira, wakaweka gorila. Kwa maoni yangu, kisa kinachohama namna hiyo bila kupoteza kitu hakikuwa na haja ya kuijua Indochina wala Kagera.

Hata hivyo naisifu kwa jambo moja. Haikutungiwa muziki wa Hollywood wa kusindikiza matukio. Kinachosikika zaidi ni ngoma na nyimbo za wenyeji, na kwetu sisi hapo ndipo sinema inaponoga. Watoto huacha kucheza wakasikiliza.

Sasa tazama majina yanayoandikwa. Wazungu wameandikwa mmoja mmoja. Waafrika wameandikwa hivi: kabila la Wasamburu wa Kenya, la Wagenia wa Kongo ya Mbelgiji, la Wahaya wa Tanganyika, na la M'Beti wa Afrika ya Ikweta ya Kifaransa. Kabila zima, kana kwamba Mhaya ni mtu mmoja!

Wala haikuwa lazima iwe hivyo. Mwaka 1950 kampuni hiyo hiyo ilitoa King Solomon's Mines, ambayo sehemu yake ilipigwa Ruanda-Urundi, ng'ambo tu ya mto kutoka Ngara. Humo wameandikwa Kimursi wa Kipsigis, na Siriaque, Sekaryongo na Baziga wa Watutsi. Ni jina moja moja tu, lakini mjukuu anaweza kulinyooshea kidole. Wale walipewa watu wa kuigiza; katika Mogambo wenzetu walikuwa mandhari.

Na miaka ile ile, huko Dar es Salaam, ilitengenezwa Muhogo Mchungu, sinema ya Kiswahili ambayo mchezaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Kawawa. Aliyemwona humo aliweza kumtambua mwaka 1962 alipokuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Sinema ile ilikuwa na fedha kidogo sana ukiilinganisha na ya MGM, lakini ilikuwa na mtu.

Kagera ilirudi kwenye kamera mwaka 1994. Kuanzia tarehe 28 Aprili, kwa muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na mto ukawa unateremsha maiti hadi Ziwa Victoria. Dunia nzima iliona. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka huo huo, kwa hiyo vijijini Ngara watu waliokuwa wakipigwa picha hawakuwa na pa kujitazama. Waliovuka waliandikwa wakimbizi, na waliowapokea, wakagawana nao kuni na maji, waliandikwa wenyeji. Nikitazama picha zile leo, nasimamisha na kutafuta sura, kama nifanyavyo kwa Mogambo.

Kijana aliyekuwa na miaka kumi na mitano mwaka 1952 sasa anakaribia tisini. Kama kwenu yuko mzee aliyefanya kazi na wapiga sinema wale mtoni, au aliyesimuliwa na baba yake, naomba utuandikie hapa studio: jina lake, kijiji chake, na kama alipiga kasia, alibeba mizigo au aliimba.