Utingo wa Laela na vita ya vumbi: gari liling'aa vipi bila kuchubuka rangi?

Huko Ulaya na Marekani mtu akiamka asubuhi ya baridi kali anakuta gari limefunikwa na theluji, na kichwa kinamuuma: aitoe vipi bila kuchubua rangi? Laela hakuna theluji. Ila waliopanda gari la Tunduma kwenda Sumbawanga kabla ya lami wanajua kitu kilichokuwa kinafanya kazi ileile. Vumbi. Gari linatoka jeupe, linafika rangi ya udongo, hata namba ya usajili haisomeki. Na aliyekuwa analitoa vumbi hilo hakuwa dereva wala mwenye gari. Alikuwa utingo.

Jina lake hujalisikia popote. Ni yule kijana anayelala juu ya magunia ya mahindi, anayeruka chini na kabari gari likianza kurudi nyuma mlimani, na anayeshika ndoo usiku wenzake wanapokula. Mahindi ya Rukwa yamelisha miji mingi ya nchi hii, na kila gunia lilipita mikononi mwa watu kama yeye. Ni barabara ya kilomita zaidi ya 220, Laela ikiwa zaidi ya nusu ya safari ukitokea Tunduma. Masika unazama kwenye tope, kiangazi unameza vumbi. Chagua mwenyewe.

Zamani hakukuwa na kesi ya mikwaruzo. Malori yalipakwa rangi nzito, na Land Rover za serikali na za misheni zilikuwa vyombo vya kazi. Utingo alichukua tambara kavu, akafuta, maisha yakaendelea. Bati likikwaruzika ni sawa na shati la fundi kuwa na oili, nani atauliza?

Mambo yakabadilika baada ya 1984, serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa nje kwa fedha zao wenyewe. Taratibu magari yaliyotumika Japan yakaanza kuingia, na miaka ya 1990 na 2000 mfanyabiashara wa nafaka naye akawa na gari dogo la kutembelea. Hizo gari rangi yake si ya lori. Juu ya rangi yenyewe kuna tabaka jembamba la uwazi, ndilo linaloleta ule mng'ao. Ukilikwaruza tabaka hilo, jua la saa nne linakuumbua: mistari ya duara kama utando wa buibui, boneti nzima.

Sasa fikiria kijana aliyezoea tambara kavu anakabidhiwa gari la bosi. Anafuta kwa nguvu zote, tena kwa nia njema kabisa, anataka asifiwe. Kesho yake bosi anauliza nani kachora gari. Posho inakatwa, au kazi inaishia hapo hapo. Kijana haelewi kosa lake, maana hakushika msumari wala jiwe.

Jiwe alilishika, tena mengi. Vumbi la barabara lina chembe za mchanga, na mchanga mwingi ni madini ya kwatzi, magumu kuliko kioo cha dirisha na magumu mara nyingi kuliko rangi ya gari. Tambara kavu juu ya vumbi ni msasa, hakuna jina lingine. Na Ufipa kuna balaa la ziada, baridi ya Juni na Julai. Umande wa usiku unalowesha vumbi, asubuhi unakuta ukoko umeganda kwenye kioo na boneti. Hiyo ndiyo theluji ya Laela.

Wajanja walijifunza kwa kuumia. Maji kwanza, mengi, bila kugusa, yaondoke na mchanga wao. Unaanzia juu kwenye paa, unashuka. Dodoki au kitambaa laini kinasuuzwa kila mara kwenye ndoo ya pili, maana ukikirudisha na mchanga umerudi kulekule. Tambara la matairi ni la matairi tu, likigusa mlango umekwisha. Kuhusu sabuni ya unga, tuseme ukweli, inatoa uchafu na polishi vyote pamoja.

Wanaoishi kwenye theluji wanafuata akili ileile. Hawatumii koleo. Wanasukuma theluji kwa brashi ya sponji, kutoka paani kushuka, na tabaka la mwisho linaloshika rangi wanaliacha liyeyuke kwa joto la injini, kwa sababu chini yake kuna mchanga na chumvi. Maji ya moto hawamwagi, kioo kinaweza kupasuka. Hata waipa ya kioo ina historia ya theluji: Mary Anderson wa Alabama alimwona dereva wa tramu New York akihangaika na kioo chake wakati wa baridi, na mwaka 1903 akapata hataza ya kifaa cha kukifuta. Kampuni hazikukitaka. Pesa hakuiona, ila angalau jina lake liliandikwa.

Februari 2008 Tanzania ilisaini mkataba wa dola milioni 698 na shirika la Marekani la MCC, na barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ikawemo. Ikagawanywa vipande vitatu: Tunduma–Ikana, Ikana–Laela, Laela–Sumbawanga. Miaka ya 2010 lami ikafika, vumbi likabaki kwenye barabara za vijijini. Mtoni nako pakabana, maana sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli zinazoharibu mazingira ndani ya mita 60 za kingo. Ndoo ikahamia barabarani, kwenye vibanda vyenye mashine ya presha na foleni ya bodaboda.

Angalia kioo cha nyuma cha gari lililotoka Japan. Ile mistari myembamba ya kahawia si urembo, ni ya kuyeyusha ukungu na barafu, na huko kwao kuna gari zinazoundwa maalum kwa mikoa ya theluji. Asubuhi ya Julai pale Laela, swichi hiyo inapata kazi.